Majivu ya Kianyeki

Mwalimu Nekoye alikuwa juu ya paa la nyumba ya kupanga aliyoishi huko Kimbo, akianika nguo, alipouona moshi wa Kianyeki. Haukutoka mahali pamoja. Ulichomoza sehemu nne kwa mpigo, kandokando ya uzio wa mbuga, ukasonga kuelekea katikati.

Alisimama na shati mkononi hadi maji yakamlowesha miguu. Juzi yake alikuwa amepita huko akaona trekta likilima ukanda mpana kuzunguka vigingi vya wapima ardhi. Alidhani ni barabara. Sasa alielewa kwamba wenye trekta walikuwa wanazuia vigingi visiungue.

Kianyeki ni mbuga ndogo ya nyasi, upande wa Ruiru ukielekea Thika, kati ya shamba la kahawa na machimbo ya mawe. Nekoye, aliyetoka Bungoma kuja kufundisha baiolojia, alikuwa akiwapeleka wanafunzi huko kila mwaka. Kila mwaka aliwaambia kwamba moto si adui wa mbuga, nao kila mwaka walimbishia. Wafugaji waliichoma tangu zamani mvua ikikaribia. Nyasi kuukuu ziliondoka, jua likafika chini, na mimea yenye mizizi ya duara kama vitunguu ardhini ikachomoza kwenye majivu: maua mekundu ya mviringo kama ngumi, ya manjano, na mengine madogo meupe ambayo hata yeye hakuyajua jina. Mahali pa kutandika shuka moja tu, aliwahi kupata zaidi ya aina arobaini za mimea.

Hiyo ilikuwa enzi mvua ikija kwa wakati wake. Siku hizi masika yalichelewa, au yalimwagika wiki moja yakatoweka, na jua lilizidi kuwa kali. Mbuga ilikuwa imeungua mwaka uliopita, na mwaka wa kabla yake pia. Mmea uliotoa jani uliungua kabla haujaweka akiba yoyote chini.

Moto ulipopoa alienda na jembe. Vitunguu alivyofukua vilikuwa laini kama viazi vilivyopitiliza kuiva. Mvua iliponyesha hatimaye, kilichoota ni gugu karoti, lile gugu la maua meupe ambalo ng'ombe hawali na linawasha ngozi. Lilifunika kila mahali isipokuwa kipande kimoja chenye mawe, ambapo moto ulipita juu juu. Hapo maua mekundu yalitokea, machache.

Wiki hiyo mwalimu mkuu, Bwana Muoki, alimwita ofisini.

"Kampuni iliyonunua Kianyeki inapanda miti," alisema. "Wanataka wanafunzi wetu. Watatupatia tangi la maji."

"Miti gani?"

"Mikaratusi. Mwalimu, miti ni miti."

"Pale hapakuwa msitu, Bwana Muoki. Ni mbuga ya nyasi. Na mkaratusi una mafuta. Ukishika moto, moto huo hautakuwa kama ule wa nyasi."

"Wewe leta wanafunzi tu," alisema Muoki kwa upole. "Tangi tunalihitaji."

Nekoye aliwapeleka. Walikuta hema, fulana za kijani na wapiga picha. Meneja wa kampuni, Bwana Waweru, alizungumza kwa sauti ya huzuni. Alisema mabadiliko ya tabianchi yameichoma Kianyeki, lakini kampuni yake haitakaa ikitazama. Kisha akamkaribisha mwalimu wa baiolojia atoe shukrani.

Nekoye alishika maikrofoni.

"Tabianchi imetuharibia mvua, hilo ni kweli," alisema. "Lakini tabianchi haina kiberiti. Niliuona moto ukianza sehemu nne pamoja. Niliona trekta likilinda vigingi kabla yake. Mlichoma wakati mnajua ardhi ni kavu na mvua haiko karibu, ili paonekane pamekufa, mpate kukata ploti za kuuza. Sasa mnataka watoto hawa wafunike—"

Maikrofoni ilizimika. Akaendelea bila hiyo, kwa sauti ya darasani. Aliwaambia wanafunzi waweke miche chini wamfuate. Wengi walimtazama Muoki kwanza. Karibu nusu walimfuata hadi kwenye mawe, wakaketi kuzunguka maua.

Waweru alimjia akitabasamu kwa ajili ya kamera. "Madam, wewe ni mgeni hapa. Hii si shamba ya mtu wa kwenu."

"Na wewe ni wa hapa," Nekoye alimjibu. "Ndiyo maana nashindwa kukuelewa."

Hawakupanda kwenye mawe siku hiyo. Tangi halikuletwa, na Muoki hakumsemesha muhula mzima. Polisi walipokea malalamiko ya Nekoye na hawakumpigia simu tena. Mikaratusi mingi ilikauka kabla ya Krismasi, maana hakuna aliyerudi kuimwagilia. Mwaka mpya tingatinga lilikuja, likaanzia kwenye mawe.

Nekoye alipata habari asubuhi. Alienda na wanafunzi wachache wakafukua walichoweza mbele ya tingatinga, vitunguu vya kujaza makarai mawili. Walivipanda nyuma ya maabara. Baadhi vilioza. Baadhi vilitoa majani, na viwili vikatoa maua.

Muoki alikuja kuyaona, akiwa na bango jipya kwapani. Alionekana mtu anayetaka kupatana. Bango liliandikwa kwamba bustani imehifadhiwa kwa hisani ya kampuni, na chini yake jina la Waweru.

"Wamekubali kuleta tangi," alisema. "Angalau kitu kimeokoka, mwalimu."

"Hakuna kilichookoka. Hapa kuna aina tatu. Kule zilikuwa zaidi ya arobaini, na nyasi, na ndege, na moto wake na mvua yake. Hizi ni maiti tulizowahi kuzitoa, mbili tatu zikawa bado zinapumua."

Muoki alichimbia bango hata hivyo na kurudi ofisini.

Nekoye alingoja kengele ya mapumziko ilie, ili uwanja ujae watu. Kisha akaling'oa bango mbele yao wote, akalivunja mguu kwa goti lake, akaenda kuliweka mlangoni kwa mwalimu mkuu. Kisha akaingia darasani kufundisha, akihema.