Njia ya Mawe ya Mama Mkwe

Maroa alikuwa fundi wa mawe, na Isebania nzima ilimjua. Mawe bapa akiyalaza yeye, hata lori haliyatikisi. Lakini kazi ya wiki hii ilimtoa kijasho chembamba, maana mwenye nyumba alikuwa mama mkwe wake, na kwao Wakuria mtu na mama mkwe wake hawaonani ana kwa ana. Akitoka nje, wewe jifiche. Akiingia ndani, ndipo upite. Heshima ni heshima, hata mvua inyeshe.

Na mvua ilinyesha kweli! Mwezi wa nne mama mkwe huyo, Mama Nyarangi, aliteleza kwenye tope la ua wake, akateguka nyonga, na tangu siku hiyo hakuvuka lango. Mtu aliyeongoza kwaya miaka ishirini, leo anasikiliza ibada redioni! Jambo hilo lilimchoma Maroa, ingawa hakupenda kulisema. Akamwambia mkewe, Milka, "Jumapili mama ataenda kanisani kwa miguu yake. Nitamlazia njia kutoka mlangoni hadi langoni."

Siku tatu alichimba, akamwaga mchanga, akashindilia, akapanga mawe akiacha nafasi ya nyasi kati ya jiwe na jiwe. Alipomaliza akayapita mwenyewe, mtu mrefu kama mlingoti wa stima, akaridhika. Kisha akajificha nyuma ya zizi ili mama mkwe ajaribu.

Alisikia mkongojo ukigonga jiwe la kwanza. Kimya. Ukagonga tena, palepale. Halafu akamsikia mama mkwe akimfokea kuku aliyekuwa mlangoni, maana mkwe hafokewi: "Wewe kuku! Nani alikuambia mimi ni twiga?"

Lo, aibu iliyomshika! Kumbe nafasi za mawe alizipima kwa hatua zake mwenyewe. Lakini angepima za nani, na hajawahi kumwona yule mama akitembea? Milka alicheka mpaka akashika mbavu. Maroa hakucheka, maana Jumapili ilikuwa keshokutwa.

Akang'oa mawe yote. Akasawazisha mchanga mkavu kutoka mlangoni hadi langoni, akamwambia Milka, "Mshike mama mkono, apite polepole. Mimi naenda barabarani."

Aliporudi mlango ulikuwa umefungwa, na mchangani zimebaki nyayo. Zilikuwa fupi, mguu wa kushoto ukiburuta, na vitundu vya mkongojo pembeni. Maroa akapiga magoti, akazitazama kwa muda mrefu. Miaka tisa ya ndoa, na leo ndiyo mara ya kwanza kujua mama mkwe wake anatembeaje. Roho ikamlainika. Akaongeza mawe, kila unyayo akaulazia lake, na mguu ule mbovu akauchagulia mapana zaidi.

Jumapili asubuhi alikuwa tena nyuma ya zizi, ametega sikio. Mkongojo ukagonga. Ukagonga tena, mbele kidogo. Ukaendelea hivyo hivyo bila kusita, taratibu, mpaka lango likalia kufunguliwa. Maroa akafuta macho kwa mkono wenye vumbi la mawe, akajipaka uso mzima.

"Milka," Mama Nyarangi akasema kwa sauti ya kufika Sirare, ng'ambo ya mpaka, "huyu fundi ameoa? Kama bado, mwambie nina binti."