Ndege Isiyoonekana na Rada

Mezani kwa mama yao, dada mtu alishamaliza kula, rubani bado anatamba. Hiyo ndege yao mpya ya kivita, alisema, rada haiioni hata ikiipitia puani.

"Haiioni kweli," dada yake akakubali. Yeye ndiye mkuu wa zamu kwenye kituo cha rada, na katika mazoezi ya jana kioo chake kilibaki kitupu. "Ila inabugia mafuta, mvua kidogo mnaifunika kama kichanga, na makelele yake usiseme."

"Makelele si rada! Wivu tu huo, dada."

"Kwa hiyo jana mlikamatwaje?"

Rubani akaacha kutafuna. Swali hilo lilikuwa limemkosesha usingizi. "Niambie ukweli. Mmeleta mtambo gani?"

Dada akamwonyesha mama yao kwa kidevu. Jana mama alimpigia simu kazini kulalamika: vikombe vinagongana kabatini, dege la mdogo wako limepita sasa hivi, limeelekea mtoni.

Mama akaweka upawa chini, akamkazia macho mwanawe.

"Na wewe nawe! Unapita juu ya paa langu, hata salamu hakuna?"