Sentensi Ndefu za Baba Mkubwa

Kazini walimwita Nukta, kwa sababu siku zake za mwanzo aliwahi kusahau nukta moja kwenye programu aliyoiandika na mfumo mzima wa kompyuta ukagoma tangu asubuhi hadi jioni. Jina likamganda. Nyumbani alikuwa "mwanangu" tu kwa baba yake mkubwa na mama yake mkubwa, waliomlea baada ya wazazi wake kufariki.

Baba mkubwa alikuwa msoma habari redioni, kazi aliyoifanya mpaka nywele zikamwisha kichwani. Hakuwa mtu wa kusema kwa mkato. Hata akiomba chumvi mezani, sentensi yake ilikuwa na baraza, sebule na ua wa nyuma. Kisha koo likaugua. Madaktari walitoa uvimbe, na pamoja na uvimbe ikaondoka sauti.

Alipotoka hospitali alinunuliwa kompyuta ndogo inayotamka unachoandika. Lakini vidole vilimtetemeka, na kuandika sentensi nzima kulimchosha. Hapo Nukta akapata wazo. Kitengo chao kilikuwa kikitengeneza zana za lugha zinazofuata kanuni: mtaalamu anaandika kwa mkono, kanuni baada ya kanuni, namna nomino inavyotawala kivumishi na kitenzi, na mashine inatii. Kilichokosekana ni kichanganuzi, yaani programu ya kuisoma sentensi, kuigawa vipande na kujua kipi kinakwenda na kipi. Akamwomba mkuu wa kitengo kazi hiyo apewe yeye.

"Mzee ataandika maneno makavu," alimweleza. "Mtoto, dogo, fika, jana. Kichanganuzi kinayapanga, mashine inasema, 'Mtoto mdogo alifika jana.'"

"Na mzee akikosea?"

"Huyo hakosei. Itakayokosea ni mashine."

Na kweli ikakosea. Siku ya kuijaribu, kijana wa jirani aliingia sebuleni kuazima ngazi. Baba mkubwa akaandika: kijana, refu, fika. Mashine ikatamka kwa heshima zote, "Kijana kirefu kimefika."

Baba mkubwa alicheka bila sauti, mabega yakimtikisika, mpaka akajifuta machozi kwa kiganja. Kisha akaandika polepole, herufi kwa herufi: "Hii usiirekebishe." Nukta aliirekebisha, na mzee akamnunia siku nzima.

Kwa sentensi fupi kichanganuzi kilikwenda vizuri. Tatizo lilikuwa zile ndefu, zenye "ambaye" ndani ya "ambacho" na "kwa kuwa" ikining'inia mwishoni. Kilishika njia moja, kikifika mbele kikaona si yenyewe, kikarudi mwanzo na kuvichambua upya vipande vilevile kilivyokwisha kuvichambua. Kila neno lililoongezeka liliongeza safari hizo maradufu. Alama ya kusubiri ilizunguka kwenye kioo, na watu wakabaki wanaitazama.

Baba mkubwa hakulalamika. Alianza tu kufupisha. "Chai." "Dirisha." "Nimechoka."

"Siku hizi baba yako ananisemesha kama askari wa zamu," mama mkubwa alimwambia Nukta jikoni, akijaribu kucheka. Cheko halikutoka.

Neno hilo lilimkaa Nukta rohoni. Akaanza kukiandika upya kichanganuzi, ili kila kipande kikishachambuliwa kiwekwe kando, kisiguswe tena. Kusema ni rahisi. Kanuni zilizokuwa zimepatana zikaanza kugombana, akirekebisha hapa kunavuja pale. Alikuwa katikati ya vurugu hiyo maradhi yaliporudi, na baba mkubwa akalazwa tena.

Alasiri moja Nukta na mama mkubwa walimkuta ameketi, mito mgongoni. Aliashiria apewe mashine, akakigeuza kioo upande wake mwenyewe, akaanza kuandika. Aliandika muda mrefu, akipumzika, akianza tena. Mama mkubwa aliketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. Kisha mzee akabonyeza kitufe cha kusema na kumtazama mkewe.

Alama ikazunguka.

"Subiri kidogo, baba mkubwa, itasema," Nukta alisema. Muuguzi akapita na toroli la dawa, akampa mgonjwa wa kitanda cha pili, akatoka. Alama bado inazunguka. "Nionyeshe basi, nimsomee mimi."

Mzee akatikisa kichwa na kufunika kioo kwa kiganja. Hakutaka maneno hayo yatoke kinywani mwa mtu mwingine. Alingoja tena kidogo, halafu akafuta yote na kuandika maneno machache.

"Asante, mke wangu," mashine ikasema papo hapo. "Nenda ukapumzike."

Kichanganuzi kilikamilika wiki iliyofuata. Ofisini Nukta alikilisha sentensi ndefu kuliko zote alizoweza kutunga, na jibu likatoka kabla hajaondoa kidole. Wenzake wakapiga makofi. Hakungoja makofi yaishe, alichukua mkoba akaenda hospitali.

Aliiweka mashine mapajani mwa mzee. "Sasa sema unavyotaka, baba mkubwa. Hata ukimaliza kesho." Vidole havikupata tena herufi. Alilaza kiganja juu ya vitufe vyote, akamtazama Nukta, kisha akakihamisha kiganja hicho juu ya mkono wa Nukta. Alifariki siku mbili baadaye.

Watu wa msibani walipokwisha kuondoka, mama mkubwa na Nukta walibaki chumbani wakikunja mashati ya marehemu.

"Ile siku," mama mkubwa alianza, "yale maneno yake aliyofuta. Hayakubaki humo ndani?"

"Hayabaki, mama. Mtu akifuta, yamefutika. Ndivyo nilivyoiandika, ili siri ya mtu ibaki yake."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mama mkubwa alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena. "Maisha yetu yote nilikuwa namkatiza. Akifungua mdomo nimeshajua anakokwenda, nammalizia. Siku ile ndiyo niliyomngoja." Akaliweka shati juu ya mengine. "Si kosa lako, mwanangu. Nipe hayo ya mikono mirefu."

Nukta akampa.

Aliporudi kazini, mkuu wa kitengo alimwita kumpa habari njema. Kichanganuzi kimeanza kutumika kwenye kliniki moja, na kuna mgonjwa huko, mama aliyepooza, ambaye tangu akipate hanyamazi, anawasimulia wauguzi visa vya ujana wake mpaka wanachelewa kazi.

"Vizuri," Nukta alisema. Akaomba kutoka kidogo. Alisimama ukumbini karibu na dirisha, uso ukielekea nje, mpaka wenzake wakaja kumtafuta.