Gubiti ya Babu wa Jiko

Tarehe ishirini na tatu ya mwezi wa mwisho, Yin Cuilian alikuwa anakanda unga wa tambi jikoni wakati shemeji yake Genfu alipoingia bila kubisha hodi, ameshika gubiti ya kimea, pipi ya kunata, iliyofungwa kwenye karatasi. Nje theluji ilikuwa nyeusi kwa vumbi la makaa, kama kila mwaka.

"Nimekuja kumuaga Babu wa Jiko," alisema. "Kaka hayupo, na mwanamke hamuagi."

Ndivyo ilivyo pale kijijini. Picha ya Babu wa Jiko, mungu wa meko, hukaa juu ya meko mwaka mzima, ikiona kila kinacholiwa na kusikia kila kinachosemwa. Siku hiyo mwanamume wa nyumba humpaka gubiti mdomoni, ili akifika mbinguni kutoa taarifa ya nyumba aseme matamu tu, au midomo igandane asiseme kitu. Kisha picha huchomwa mekoni, naye hupanda na moshi.

"Hayupo, yuko wapi?" Cuilian aliuliza.

"Shemeji, usianze."

"Nakuuliza wewe, mlinzi wa shimo. Kaka yako yuko wapi?"

Genfu aliangalia viatu vyake. Shimo la makaa la Bosi Diao liliporomoka wakati wa kuvuna mtama. Kabla wakaguzi hawajafika, Bosi aliziba mdomo wa shimo kwa zege, akamwaga udongo na kupanda miti juu yake. Akatangaza kwamba siku ile Hou Genwang, mume wa Cuilian, hakushuka. Eti ametoroka na mwanamke muuza vitambaa kutoka kusini.

"Genwang huyu huyu?" Cuilian alisema. "Aliyekuwa anaona haya hata kumsalimia mama muuza siki? Leo ndiyo atoroshe mwanamke?"

"Mimi nasema anavyosema Bosi. Nina watoto."

"Basi kawapelekee gubiti."

"Utatuponza sote, wewe!"

"Funga mlango, baridi inaingia."

Cuilian hakutaka fidia. Alitaka zege livunjwe, mumewe atolewe, azikwe kando ya mama yake. Shahidi alikuwepo. Asubuhi ile Genwang alikula tambi amesimama, kofia ya taa kichwani, akasema leo wanashuka mapema. Aliyemwona na kumsikia zaidi ya mkewe yumo ukutani, juu ya meko.

Genfu alipoondoka, Babu wa Jiko alishuka kwenye karatasi, akakaa kwenye kigoda cha kuchochea moto. Alikuwa mzee mfupi, mweusi kwa masizi, midomo bado inanata gubiti ya mwaka uliopita. Cuilian akampa maji ya moto asukutue.

"Unakumbuka alivyovaa?" alimuuliza.

"Nakumbuka. Buti la kushoto lilikuwa na kiraka chekundu. Na Bosi alipokuja kukutisha alikaa hapa nilipokaa, akala na mkate wako."

"Utasema?"

"Usiponipaka, nitasema."

Akarudi kwenye karatasi mwenyewe. Cuilian akaibandua, akaichoma bila kupaka kitu. Moshi ulipanda umenyooka, ukapita juu ya miti ya Bosi Diao. Akaingia ndani kukata tambi, maana unga ulikuwa umeshaanza kukauka.

Siku ya kufunga mwaka alibandika picha mpya. Jua lilikuwa bado halijazama Babu wa Jiko alipoteremka tena, theluji kwenye kofia, akamkuta anakunja sambusa za kuchemsha. Aliomba siki ya kuchovya, akala kwanza.

"Vipi?" Cuilian aliuliza.

"Foleni. Mwenzangu, Babu wa Jiko wa nyumbani kwa Bosi Diao, alikuwa mbele, gubiti inamchuruzika mpaka kwenye ndevu. Huyo walimpokea kwa kumkumbatia. Zamu yangu ilipofika nikasema yote, mpaka kile kiraka. Karani wa mbinguni alinisikiliza, huku anatafuna."

"Anatafuna nini?"

"Wewe unadhani nini? Akaniuliza, nani amekuaga? Nikasema, mwanamke. Akauliza, mwenye nyumba yuko wapi? Nikamwambia, ndiyo nimemaliza kukueleza sasa hivi, yuko shimoni, chini ya zege. Akasema sawa, akitoka mwambie akuage yeye mwenyewe, kama desturi, halafu uje tukusikilize."

Cuilian alibana sambusa moja kwa vidole, akaiweka pamoja na nyingine.

"Ulimwambia kwamba hawezi kutoka?"

"Nilimwambia. Akaita anayefuata."

Genfu akabisha hodi safari hii. Alikuwa na boksi jekundu. Alimwona Babu wa Jiko kwenye kigoda, akamwamkia kwa heshima, kisha akamgeukia shemeji yake.

"Bosi anagawa gubiti nyumba kwa nyumba. Anakutakia heri ya mwaka mpya." Akaweka boksi mezani. "Anasema pia, Kaka akirudi, kazi yake ipo."

"Mwambie ahsante."

"Ndiyo hivyo tu, shemeji?"

"Kula sambusa, zinapoa."

Genfu alikula amesimama, kama kaka yake. Babu wa Jiko alimaliza sahani yake, akajifuta mdomo, akarudi ukutani kuanza mwaka. Cuilian aliweka bakuli la Genwang mezani, na vijiti vyake juu. Kisha akachukua lile boksi jekundu, akaliweka kwenye rafu chini ya picha, mahali ambapo mkono wa Genfu ungelifikia kwa urahisi mwakani, siku ya kumuaga Babu.