Zamu ya Kilindi

Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, manyunyu, upepo wa kusini-magharibi. Wenye hisa za maji ya uvuvi ya kijiji cha Tistelvik walikuwa wameketi katika shule ya zamani. Kahawa ilikuwa imemiminwa na mikate ya iliki ilikuwa imezunguka mara moja. Hoja ya mwisho ilikuwa kilindi.

Kilindi kilipanda kutoka ghubani mwezi wa Agosti. Kilikuwa kipande cha maji ya chini kabisa, yale yasiyo na hewa, na ukubwa wake ulitosha kujaza jikoni na chumba kimoja cha pembeni. Hakikulowesha sakafu. Kilitembea polepole kama ng'ombe arudiye zizini, na kilinuka yai viza. Kikiachwa nje kiliketi gatini, na injini za boti zilikataa kuwaka. Ghala tupu hakikulitaka. Kilitaka nyumba yenye watu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mgeni huyu hakuwa na mikono. Basi kijiji kikafanya kama kinavyofanya kwa theluji ya barabarani na kwa funguo za kanisa: kikaweka zamu. Kila nyumba ilikaa nacho wiki moja, Jumapili adhuhuri hadi Jumapili adhuhuri.

Watu wazima walizoea. Mtu alivuta pumzi kubwa barazani, akaingia jikoni, akakata jibini, akatoka kupumua. Usiku walilala vyumba vya juu. Mishumaa haikuwaka, ila mkate haukuota ukungu na maziwa hayakuchacha, na wapo waliosema kwamba hata hilo ni jambo.

Gunnevi, mjane anayevua kwa boti yake mwenyewe, alisimama akiwa bado na kikombe mkononi.

"Jumapili ni zamu yangu," alisema. "Binti yangu Jannika yuko kwangu na mtoto ambaye shingo yake haijakaza. Naomba nyumba yangu irukwe."

Mwenyekiti alikuwa Bjarne, mwenye nguruwe na mashamba yote yanayoteremka hadi ghubani. Samadi yake aliimwaga masika na vuli, na mvua ilijua njia. Hisa zake zilikuwa nyingi kuliko za mtu yeyote.

"Jirani, tukimruka mmoja tutawaruka wote," alisema kwa upole.

"Basi tukigawe kwa hisa. Samaki tunagawana kwa hisa. Kura tunapiga kwa hisa. Mwenye hisa nyingi akae na kilindi siku nyingi."



"Hisa ni za samaki," alisema Bjarne. "Kilindi si samaki."

"Kimetoka maji yale yale!"

"Hicho kimetoka ng'ambo, binamu," alidakia Stig-Olof, mwenye meli ya kukokota wavu, ambaye wiki hiyo ndiye aliyekuwa na kilindi nyumbani kwake. "Waulize wa ng'ambo wanamwaga nini. Sisi huku tunadondosha tu."

"Wewe nyamaza. Samaki wa heringi wamekuwa wembamba kama sindano, na hao hao unawakokota wote kwenda kulisha wanyama wanaofugwa kwa manyoya ya makoti."

"Hata makoti yana njaa, binamu."

Watu walicheka, na Gunnevi naye akakaribia kucheka, jambo lililomkasirisha zaidi.

Afisa aliyetumwa na idara kutoka mjini, mwanamke aitwaye Päivi, aliombwa kueleza vipimo. Alikuwa ameingiza kipimo chake kwenye dirisha la Stig-Olof mchana huo.

"Hewa, sifuri," alisema. "Nchi tisa zinazoizunguka bahari hii zimekubaliana kupunguza mbolea inayoyanyima maji hewa."

"Lini?" aliuliza Gunnevi.

"Tarehe ipo."

"Si ilikuwapo hata mwaka ule mwingine?"

"Ilikuwapo," alikiri Päivi. "Imesogezwa."

Walipiga kura. Mkono wa Bjarne peke yake ulikuwa na uzito wa benchi zima la dirishani, na hoja ya Gunnevi ikaanguka. Bjarne hakuwa mtu mbaya. Alimfuata hadi mlangoni, akamshikia koti.

"Feri inaondoka Jumapili asubuhi. Kilindi kinakuja adhuhuri. Mtoto atakuwa mjini kabla hakijafika kizingitini kwako. Una wasiwasi wa nini?"

Gunnevi alifunga vifungo vya koti. Hesabu ilikuwa sahihi.

Ijumaa alimkatia Jannika tiketi ya feri. Jannika alikunja nguo za mtoto, ambaye jina lake lilikuwa Alva, na kulalamika kwamba anafukuzwa kwao na maji. Jioni Gunnevi alipita mbele ya nyumba ya Stig-Olof. Kilindi kilikuwa kimeegemea kioo cha dirisha, kizito, rangi ya chuma cha zamani. Aliona kimeelekea upande wa kwake.

Stig-Olof alikuwa barazani akipumua.

"Usije ukakiachia mapema," Gunnevi alimwambia.

"Mimi? Mimi mtu wa saa, binamu. Meli yangu ingekuwa mke, isingeninunia kwa jinsi ninavyofika kwa wakati."

"Nakuonya, Stig-Olof."

"Nenda kalale. Jumapili, adhuhuri."

Na alimaanisha alichosema. Lakini siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi.

Jumamosi Tistelvik huwasha sauna, vyumba vya kuogea mvuke. Hakuna anayekumbuka mtu aliyekosa bila kuwa mgonjwa au baharini. Wenyeji waliotangulia wa kilindi walikuwa wamekwenda kuoga kwa jirani, lakini Stig-Olof alikuwa na sauna aliyoijenga kwa mikono yake, imeungana na ukuta wa jikoni, na hakuwa mtu wa kukaa uchi kwenye benchi la mwenzake. Alipanga kuni kavu. Alipiga kiberiti. Hakikuwaka. Kilindi kilikuwa kimepenya mbao za ukuta. Alijaribu tena, akapanga upya kuni, akatukana kwa adabu. Alitazama nje na kuona dohani za sauna za kijiji kizima zikitoa moshi, isipokuwa yake. Akafikiri kwamba siku moja pungufu si kitu. Akafungua mlango wa mbele.

Kilindi kilishuka ngazi na kushika barabara. Mwanamke aliyekuwa akianua nguo alikiona, akadhani wamekubaliana, akasogeza kapu lake kikapita. Mzee mmoja akakivulia kofia.

Gunnevi na Jannika walikuwa ufukweni, nyuma ya nyumba, wakiondoa heringi kwenye nyavu. Mtoto alikuwa amelala katika susu lake jikoni, na dirisha lilikuwa wazi ili wamsikie akilia.

"Nikifika mjini nitanunua samaki wa kopo," alisema Jannika. "Hawa wanakatisha tamaa. Tazama huyu. Huyu ni samaki au uzi?"

Gunnevi aliinua macho kumtazama samaki, na nyuma ya samaki akaona moshi. Ulitoka kwenye dohani ya sauna ya Stig-Olof, mweupe, mnene, wa kuni kavu. Aliutazama mpaka akauelewa. Moto ukiwaka kule, kilindi hakipo kule.

Alikimbia na wavu umemnasa mguuni.

Jikoni kulikuwa kumejaa. Alivuta pumzi mlangoni, akaingia. Harufu ilikuwa ile ile. Alva alikuwa macho ndani ya susu. Kifua chake hakikupanda wala kushuka. Mashavu yalikuwa mekundu, na vidole vyake vilifunguka na kufumba polepole, kama majani ya chini ya maji. Alimtazama bibi yake kwa utulivu.

Gunnevi alimnyakua akatoka naye hadi barazani. Hapo hewa ilimgusa mtoto. Alikohoa, akajikunja, midomo ikawa ya buluu. Jannika alimpulizia mdomoni, na mtoto akazidi kuwa wa buluu.

"Pumua, mama yangu, pumua," alimsihi. Kisha akamtazama Gunnevi. "Mama. Alikuwaje ulipomkuta?"

"Alikuwa mzima."

"Mrudishe."

"Jannika!"

"Mrudishe ndani, Mama!"

Walimrudisha. Rangi ikarudi midomoni. Alva alipiga mwayo bila kuvuta hewa, akalala.

Jumapili, baada ya ibada, wenye hisa walikutana tena. Stig-Olof alikuja na nywele zilizooshwa, akaomba radhi mbele ya wote, na radhi yake ikapokewa. Bjarne alisema kwamba sasa zamu haina haja, kwa kuwa kilindi kimepata nyumba na mtoto amekipata kilindi. Aliongeza kwamba ghuba ikisafishwa haraka mno, afya ya mtoto itakuwa hatarini, na hilo lazima lizingatiwe. Wengi waliitikia kwa kichwa. Päivi aliuliza kama mtoto analala vizuri. Gunnevi alisema analala vizuri. Azimio lilipita bila kupingwa, kwa shukrani kwa familia.

Stig-Olof alijaza dizeli na kutoka Jumatatu kukokota heringi waliobaki. Bjarne alimwaga samadi ya vuli kabla ardhi haijaganda, na alituma gunia la viazi kwa Gunnevi. Päivi alipeleka vipimo vyake kwa nchi tisa, nazo zikasogeza tarehe. Jannika alirudisha tiketi ya feri. Alijifunza kuvuta pumzi barazani, kuingia, kunyonyesha mpaka kifua kiwake moto, kutoka, na kuingia tena. Gunnevi alihamishia kitanda chake kwenye chumba kilicho juu ya jikoni, akatega sikio sakafuni. Aliposikia kimya, alilala. Alipodhani amesikia mtoto akivuta pumzi, aliamka mbio.