Meno ya Antipasi

Antipasi alirudi Kinyangiri kutoka vita vya Bama kule Asia akiwa na koti la jeshi la Keya, blanketi mbili na meno yote kinywani. Miezi minane baadaye magego mawili yalikuwa yanacheza, na fizi zake zilikuwa zimevimba, nyekundu, zikitoa damu kwa kuguswa tu na ulimi.

Yunisi mkewe alikuwa amemngoja miaka minne. Alikuwa amejiandaa kwa mengi: mume mlevi, mume mkali, hata mume asiye na mguu. Hakujiandaa kwa mume asiyelala. Mchana Yunisi hakuwa na neno na mumewe. Alilima, alikamua, aliziba tembe lao mahali palipovuja. Lakini giza likiingia alikuwa mtu mwingine. Alijilaza, akashtuka, akakaa kusikiliza, akachukua fimbo na kutoka nje, akarudi, akajilaza tena. Na katika vile vipande vya usingizi alivyopata, alisaga meno. Sauti yake ilijaa chumba kizima. Binti yao Lea, mwenye miaka saba, aliuliza asubuhi moja, "Mama, nani anasaga uwele usiku?"

Kulipokucha Antipasi aliamka na taya limekaza na ulimi umekauka kama ngozi. Mate yake ya kwanza yalikuwa na damu, na mara nyingine damu ilikuwa imeganda kwenye pembe ya mdomo. Mswaki aliuacha. Alisema unamchoma, na tena hana nguvu.

Labda yote haya yangebaki kuwa siri ya nyumba kama usingekuwa mwaka wa simba. Tangu mavuno, watu kadhaa walikuwa wameliwa upande wa kusini, na habari zilizofika Kinyangiri zilisema kwamba si simba wote waliokuwa simba. Wengine, watu walinong'ona, ni binadamu waliovaa ngozi na kucha za chuma. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alipita na askari, akauliza maswali, akaandika, akaondoka. Watu walifunga milango jua likiwa bado juu ya miti. Aliyetoka nje usiku alitakiwa awe na maelezo, na Antipasi alikuwa anatoka kila usiku.

Siku moja kisimani, Yunisi alikuwa amechoka hata ndoo ikamponyoka. Dorkas, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akaiokota.

"Mama Lea, unaumwa?"

"Siumwi. Silali. Baba Lea anatoka nje usiku, mara tatu, mara nne. Akirudi anasaga meno mpaka mwili unanisisimka."

"Anatoka kwenda wapi?"

"Sijui," Yunisi alisema. Na kwa kuwa alikuwa ameanza kusema, hakuweza kujizuia. "Asubuhi ana damu mdomoni."

Dorkas aliirudisha ndoo bila kumtazama usoni. Yunisi aliliona hilo, akatamani kuyarudisha maneno yake, lakini Dorkas alikuwa amekwishajitwisha maji na kuondoka.

Siku tano baadaye simba alimkamata Stumai, binti wa mzee Yeremia, aliyekuwa akikata nyasi za kuezekea karibu na korongo. Walipata kanga yake na kiatu kimoja. Kilio kiliingia kila nyumba. Kabla matanga hayajaisha, Yunisi alihisi watu wanakatiza mazungumzo akikaribia. Kikapu alichopeleka msibani cha unga wa mtama kilirudishwa na mtoto, kimejaa vilevile, bila salamu.

Usiku ule hakumtazama mumewe kwa macho ya siku zote. Alimtazama akilala, taya likizunguka, mshipa wa shingo umesimama, na wazo likamjia ambalo alilionea aibu maisha yake yote: je, kama wanasema kweli, kwamba ni mmoja wa wale wavaa ngozi? Alfajiri alichukua koti lake akalinusa. Lilinuka jasho na moshi. Alizikagua nyayo zake. Zilikuwa na umande na majani, kama za mtu yeyote aliyezunguka zizi. Antipasi alifumbua macho akamkuta ameishika miguu yake.

"Unatafuta nini?"

"Twende kwa dresa," Yunisi alisema. "Leo. Jino lako hilo litakuua."

Walipotoka, Yunisi aliziona nyayo za mumewe vumbini, zimezunguka zizi lao na la Dorkas. Zahanati ya misheni ilikuwa mwendo wa karibu saa nne. Dresa, mganga msaidizi wa pale, aliitwa Paskali, mtu mfupi, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimkalisha Antipasi kwenye benchi nje, penye mwanga, akamfungua mdomo kwa kijiko. Alitazama kwa muda mrefu kuliko Yunisi alivyopenda.

"Una umri gani?"

"Thelathini na moja."

"Meno haya ni ya mzee wa sabini. Yamelika juu, bapa kabisa. Unatafuna mawe?"

"Anasaga akilala," Yunisi alijibu kwa niaba yake.

"Na analala kiasi gani?"

Antipasi aligeuza uso. Dresa akakiweka kijiko chini, akakaa kwenye benchi kando yake. "Bwana, mimi sikukuuliza kwa ugomvi. Nimewaona wenzako wanne waliotoka Bama. Mtu asiyelala, kidonda chake hakiponi upesi. Mguuni unakiona, unakifunga. Fizi nazo ni nyama. Zinaumia mchana, zinatakiwa zijitengeneze usiku, na wewe usiku huzipi nafasi. Tena ukipata usingizi unayabana meno mpaka yanalegea kwenye mashimo yake. Mswaki umeuacha, mdomo unakauka. Dawa ya kusukutua nitakupa, na magego mawili nitang'oa. Lakini usipolala, utarudi hapa kwa mengine."

Ndipo Antipasi akasema. Alisema akitazama vidole vyake, kwa sauti ambayo Yunisi hakuwahi kuisikia. Msituni kule Bama walilinda kwa zamu, wawili wawili. Usiku mmoja alikuwa hajalala siku tatu, mwenzake akamwambia, funga macho kidogo, nitakuamsha. Jina lake Ahmadi, mtu wa Singida mjini, muuza vitambaa. Antipasi alifunga macho. Alipoyafumbua palikuwa na jua, na Ahmadi alikuwa amelala kifudifudi, amekufa, hatua kumi tu kutoka pale.

"Hakupiga hata kelele," Antipasi alisema. "Sasa huku kuna simba. Nikilala, nani atasikia?"

Dresa aliinuka, akaenda kuchemsha koleo.

Waliporudi Kinyangiri jua lilikuwa limepinda, na Antipasi alikuwa amefunga kitambaa kilicholowa damu kuzunguka taya. Hawakufika nyumbani. Karani wa jumbe aliwasimamisha njiani akawaambia wanatakiwa barazani. Kumbe watu walikuwa wamekusanyika tangu saa nane. Mzee Yeremia alikuwa amekaa mbele, ameshika kile kiatu kimoja cha binti yake. Alipoona kitambaa chenye damu, alisimama.

"Mnaona?" alisema. "Nimwite nani tena awe shahidi?"

Jumbe Simeoni aliinua mkono. "Antipasi. Watu wanasema unatoka usiku. Kweli?"

Antipasi aliitikia kwa kichwa. Mdomo wake haukuweza kusema.

"Unakwenda wapi?"

Alionyesha duara kwa kidole: nazunguka. Kicheko kibaya kikatoka nyuma, kisha minong'ono. Mtu mmoja akataja kamba. Mwingine akasema apelekwe kwa Bwana Shauri kesho, kama atafika.

Yunisi akavuka baraza akasimama kati ya mumewe na mzee Yeremia.

"Shikamoo baba," alimwambia mzee. Mzee hakuitikia, lakini Yunisi aliendelea. "Maneno haya yalitoka kinywani mwangu. Mimi ndiye niliyemwambia Dorkas kwamba anatoka nje. Mimi ndiye niliyesema ana damu. Nilisema kwa uchovu, na nilisema nusu. Jumbe, naomba mtazame meno yake."

"Meno?"

"Baba Lea, fungua mdomo."

Antipasi alimtazama. Yunisi hakuwahi kusahau yale macho. Mtu aliyekuwa amevaa sare ya Mfalme, mbele ya majirani zake, anaambiwa na mkewe afungue mdomo kama ng'ombe mnadani. Akafungua.

Jumbe aliinuka kutazama, kisha wazee wawili, kisha Yeremia mwenyewe. Waliona mashimo mawili mabichi. Waliona fizi zilizovimba, na meno yaliyokwisha mpaka hayana ncha.

"Tangu mwezi uliopita nampikia uji," Yunisi alisema. "Nyama hawezi. Hata muwa hawezi. Damu mnayoiona ni yake mwenyewe. Halali, ndiyo sababu fizi zinaoza. Na halali kwa sababu anatulinda. Nyayo zake ziko kuzunguka zizi letu, na zizi la Dorkas pia. Nendeni mkazitazame kabla upepo haujazifuta."

Wazee walituma watu wawili. Walirudi wakasema nyayo zipo, zimezunguka mazizi mawili mpaka zimefanya njia, na haziendi korongoni. Dorkas alikuwa amejifunika uso. Mzee Yeremia alirudi kukaa, akakiweka kiatu magotini, akaanza kulia upya, safari hii bila hasira. Jumbe akafunga shauri. Si wote walioondoka wameridhika; wengine wawili watatu walipita mbali na nyumba ile mpaka simba mmoja mzee alipouawa na askari wa wanyamapori miezi miwili baadaye.

Lakini nyumbani mambo hayakufungwa. Antipasi hakumpiga mkewe wala hakumtukana. Alihamishia blanketi zake kwenye banda la mbuzi. Siku tisa alisukutua maji ya chumvi, akanywa uji aliowekewa, akashukuru, basi. Usiku Yunisi alisikia fimbo yake ikizunguka. Alitaka kwenda kumwomba msamaha, akakosa pa kuanzia, kwa kuwa alichomkosea kilikuwa ni mambo mawili: kusema nje, na kushuku ndani. La pili hakuna aliyelijua ila yeye, na pengine Antipasi, aliyeikuta miguu yake mikononi mwa mkewe.

Siku ya kumi, adhuhuri, alimfuata bandani.

"Nilikushuku," alisema. "Asubuhi ile. Nilinusa koti lako."

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Hata mimi nisingemwamini mtu wa namna hii." Kisha Antipasi akapangusa macho kwa kiganja, macho mekundu ya mtu ambaye hajapumzika toka ng'ambo. "Nimechoka, mama Lea. Nimechoka mpaka sioni vizuri."

"Njoo ulale ndani. Nitakaa mlangoni."

"Utasinzia."

"Usingizi ukinijia nitakuamsha kwanza. Fimbo nipe mimi."

Alimpa. Akaingia, akajilaza upande wa ukutani, akainuka mara mbili kuhakikisha kwamba mkewe yupo pale. Mara ya tatu hakuinuka. Yunisi alikaa kizingitini na fimbo mapajani, akisikiliza. Meno yalisaga kidogo, yakaacha, yakasaga tena. Halafu kukawa na pumzi tu. Jua lilishuka, ng'ombe wakarudi na Lea, Yunisi akamwonyesha kidole mdomoni, mtoto akawafunga ng'ombe polepole. Usiku ukaja ukapita. Yunisi alihesabu jogoo watatu. Kulipokucha ng'ombe walikuwa wanalia kwa maziwa yaliyojaa, na mumewe bado hajageuka upande.

Karani wa jumbe akatokea njiani, amevaa kofia yake ya kazi. Alikuja kumwita Antipasi. Jumbe alitaka awaonyeshe vijana namna ya kupanga zamu za ulinzi.

"Hodi hapa! Bwana Antipasi yupo?"

Yunisi alisimama akaziba mlango kwa mwili wake wote.

"Taratibu," alisema. "Amelala. Njoo mchana."