Shuka za Mama Yupi

Siku ile uligeuza uso. Usibishe, nilikuwa nyuma yako na sinia la vikombe. Ulimwona yule binti akisukuma toroli la shuka kwenye ukumbi wa hoteli, macho yanajifumba huku miguu inatembea, nawe ukaanza kuikodolea simu yako kana kwamba imeota pembe.

Sisi wa jikoni tulimwita Profesa, kwa sababu alikuja kazini na kitabu kwapani. Mwanafunzi wa kutoka ng'ambo, kama mimi. Asubuhi alifanya kibarua chake cha malipo. Zamu ikiisha, msimamizi wa chumba cha kufulia alikuwa akimshika bega.

"Mwanangu, nikunjie na hizi kidogo. Kujitolea tu. Kunakujenga."

"Haya, mama."

Hapo ndipo alipojifunga. Kwao mwanamke mtu mzima ni mama, na mama hakataliwi. Neno alilileta kwa adabu. Msimamizi akalisokota kamba.

Nilimwonya. "Dada, huyo hakukuzaa. Mwite bosi, uone kama utashindwa kusema hapana."

Akacheka. "Kaka, mdomo wangu haujazoea."

Siku ya mtihani wa mwisho ikafika. Ulikuwa wa alasiri. Akiukosa, chuo kinamfuta. Akifutwa, kibali cha kukaa kinakufa, na anarudishwa kwao mikono mitupu. Zamu ikaisha. Bega likashikwa.

"Kidogo tu, mwanangu."

Nilipopeleka taulo za jikoni nilimkuta ameegemea rundo la shuka zilizotoka kwenye mashine, bado zina joto. Mvuke umejaa hata dari haionekani. Amelala.

Alikokuwa ndotoni alinisimulia baadaye. Shuka zilikuwa zimeanikwa angani bila kamba, nyeupe, zikipumua polepole. Alipita katikati yake peku, na kila aliyoifunua, nyuma yake kulikuwa na nyingine. Ya mwisho haikuwa shuka. Ilikuwa kanga, ile iliyofifia pindoni, na nyuma yake mama yake amebana vibanio mdomoni.

"Shuka za nani hizi?" mama yake akauliza.

"Za mama."

Akavitoa vibanio. "Mama yupi? Mimi tangu lini nina vitanda vyote hivi?"

Kabla sijamgusa, Profesa akazinduka. Msimamizi yuko mlangoni na rundo jingine. Binti akavua aproni, akaikunja vizuri, mazoea yana taabu, akaiweka juu ya rundo lile.

"Bosi," akasema, nami nikasikia neno likimkwaruza koo, "naenda kwenye mtihani."

"Mwanangu! Unaniacha hivi hivi?"

"Mama yangu ndiye aliyenituma."

Akatoka mbio, harufu ya sabuni ikimfuata barabarani. Mlango wa chumba cha mtihani ulikuwa unafungwa. Akapenya. Akafaulu.

Umeshusha pumzi? Subiri. Toroli halikukaa bila wa kulisukuma. Ameletwa mwingine, mdogo zaidi, naye ana mtihani leo hii alasiri. Nimemsikia sasa hivi kwa masikio yangu: "Haya, mama." Nimesema, nikaambiwa nikisema tena nifungashe virago. Wewe ni mgeni wa hoteli, wewe hawakufukuzi. Yuko nyuma ya ule mlango wa kijani ulioupita ukija kunywa chai. Weka kikombe chini. Inuka. Ugonge, umtoe.